Glasi ya marehemu mama imepasuka yenyewe kabatini

SWALI: Shikamoo Shangazi. Marehemu mama alituachia glasi za chai, chini zimeandikwa Duralex, France, na katikati pana namba. Tangu utoto wetu zinadondoka sakafuni na hazivunjiki. Juzi usiku moja imepasuka kabatini bila kuguswa, tukakuta chenga tupu. Wakubwa wa nyumbani wanasema tumetupiwa kitu, zilizobaki zikazikwe. Nifanyeje?
Binti wa Mikindani

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba. Usizike hata moja. Hakuna aliyewatupia kitu, na wakubwa wasomee jibu hili kwa sauti.

Glasi hizo hutengenezwa La Chapelle-Saint-Mesmin, karibu na Orléans, Ufaransa, na jina Duralex limekuwepo tangu 1945. Uimara wake unatokana na moto na upepo. Glasi ikishaumbwa hupashwa moto mkali, halafu hupulizwa hewa baridi kwa ghafla. Nje huganda kwanza. Ndani hupoa baadaye, husinyaa, na kuvuta nje kuelekea kwake. Kwa hiyo nje kumebanwa, ndani kunavutana. Mbano huo ndio unaoifanya ihimili chai inayotokota, na kudondoka pia. Lakini mkwaruzo ukizama hadi kwenye ule mvutano wa ndani, glasi nzima huachia kwa mara moja, hata kama iligongwa siku nyingi nyuma na leo imetulia kabatini. Ndiyo maana mmekuta chenga, si vigae virefu vya kuchana mkono.

Sasa nikuulize: mnasugulia nini? Huku Kusini wengi tunasugua vyombo kwa mchanga, majivu au stilwaya. Kwa sufuria sina neno. Kwa glasi hizi ni kuziua taratibu. Tumia sabuni na kitambaa laini. Leo hii zitoe zote, ziinue moja moja penye mwanga wa dirisha, pitisha ukucha mdomoni na ubavuni. Yenye pengo au mkwaruzo unaonasa ukucha, iage. Zilizobaki wanyweshee wageni chai, mama hakuzinunua zikae kaburini.

Namba ni ya kalibu iliyoumba glasi, basi. Watoto wa shule Ufaransa huisoma wakati wa chakula na kuambiana kwamba ndiyo umri wao.

Na kiwanda chenyewe kimenigusa sana. Bei ya nishati ilipopaa, mwishoni mwa 2022 kilisimamisha uzalishaji kwa miezi kadhaa. Mwaka 2024 hali ikawa mbaya hadi mahakamani, na mwezi Julai mahakama ya biashara ya Orléans ikaridhia wafanyakazi wenyewe, zaidi ya 200, wakichukue kwa ushirika. Sisi tuliosomeshwa kwa korosho tunajua ushirika ukiendeshwa kwa haki unalisha nyumba ngapi, na ukiibiwa unaliza wangapi. Nawaombea wale watu kwa dhati.

SWALI: Shangazi, nauza mitumba Lindi mjini. Nimefungua belo, nikapata fulana nzito ya mistari ya buluu na nyeupe, lebo Saint James. Niiuze bei ya fungu?
Kijana wa mitumba

JIBU: Hapana mwanangu, itundike peke yake. Saint James ni mji wa Normandie, na kiwanda chake ni cha 1889, kilichojulikana kwa masweta ya sufu ya wavuvi. Mistari yenyewe ni ya mabaharia wa jeshi la Ufaransa: amri ya 1858 ilitaka mistari 21 myeupe, kila mmoja upana wake mara mbili ya wa buluu.

Igeuze nje ndani kabla ya kupanga bei. Mishono ikiwa imekaza, kola haijalegea, na kitambaa ni pamba nzito, panga bei ya juu na usimame nayo. Ukikuta sweta la sufu, usilifue kwa maji ya moto, litasinyaa likamtosha mtoto. Wala usihangaike kuliuza kwa joto la Lindi. Mpe dereva wa basi alipeleke Njombe, huko baridi italiuza.