Mmeuliza habari za mawe, mkasahau mkasi

Mhariri, swali lenu la wiki, "Jiwe la mwamba au kinoo cha dukani, lipi linanoa vizuri?", limenigusa. Nimekulia Igogo, Mwanza, juu ya mawe. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na mwamba uliolika kwa kunolewa visu vya sato na mapanga. Mimi ni mtu wa mwamba, na nilitaka kuutetea.

Lakini mkasi je? Shangazi yangu alikuwa fundi cherehani Makoroboi. Idi imekaribia, nguo zimerundikana, mkasi wake mkubwa ukawa butu. Yeye akiwa amekwenda kununua uzi, akapita mnoaji wa baiskeli, wale wenye gurudumu la kuzungusha kwa pedeli. Mwanagenzi akampa mkasi. Cheche ziliruka, tukafurahi. Shangazi aliporudi aliufungua, akautazama upande wa ndani, akauliza nani kaugusa. Ncha ilikuwa imegeuka rangi ya buluu: chuma kimeungua, ugumu umetoka. Akachukua kipande cha shifoni akajaribu kukata. Kitambaa kikakunjika, kikanasa katikati.

Akatuketisha. Upande wa ndani wa mkasi, alisema, una bonde dogo sana, ndiyo maana makali mawili hugusana sehemu moja tu, na mguso huo hutembea toka kwenye msumari unaoshikanisha pande mbili hadi ncha unapofunga. Ukiusaga huo upande, umeua mkasi. Kinachonolewa ni ule mteremko mwembamba wa nje, kwa kuufuata ulivyo, bila kuulaza kama wa kisu. Ukimaliza, unaufunga taratibu mara moja ili kijichuma kilichojikunja ukingoni kikatike. Mkasi wake wa akiba aliunoa hivyo mbele yetu, kwa kinoo cheusi cha dukani, upande laini.

Na hapo ndipo naona naanza kuhama. Mwamba wetu ni graniti, punje kubwa na ndogo, ngumu na laini, zote pamoja, hukwaruza makali. Kinoo cheusi ni silikoni kabaidi (jiwe la kutengenezwa na watu), aliyoanza kuitengeneza Mmarekani Edward Acheson mwaka 1891, ngumu kuliko punje yoyote ya mwamba huo, na punje zake hulingana. Namba ya kinoo ikipanda, punje zinakuwa ndogo: 240 ni ya kisu kilichopigwa mapengo, 1000 inatosha kwa kazi za kila siku.

Kwa hiyo, mwenye hela ya jiwe moja anunue kinoo cha pande mbili. Wapasua sangara wa soko la samaki la Mwaloni wanaweza kunibishia, maana kisu chao hakiishi kugonga mfupa, na sitashindana nao. Ila kinoo kikishafanya bonde, kisugueni kwenye sakafu ya saruji iliyonyooka yenye mchanga na maji, la sivyo hakina tofauti na mwamba wetu wa Igogo, ambao kwa panga na jembe bado nauchagua.