Gari limeinuliwa, sasa linagonga: majibu kuhusu kimo cha gari la porini

Kabla hujashika spana, shika futi. Egesha gari kwenye sakafu iliyo sawa, jaza upepo wa kawaida, weka mzigo unaotembea nao siku zote, kisha pima kutoka katikati ya habu kwenda juu hadi ukingo wa madigadi. Usipimie kutoka chini, maana tairi lililolika au lenye upepo pungufu litakudanganya. Andika namba nne, moja kwa kila gurudumu. Majibu yote hapa chini yanategemea namba hizo.

Nina Land Cruiser 100 yenye tosheni baa mbele (nondo inayojisokota, inayofanya kazi ya springi). Nimeambiwa nikaze bolti tu gari lipande. Nikaze kiasi gani?

Bolti ya kurekebishia nondo ndiyo yenyewe, ila usiikaze gari likiwa limesimama kwa magurudumu. Uzito wote uko juu ya nyuzi za bolti na zitakatika. Weka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, inua mbele kwa jeki kwenye chesisi hadi magurudumu yaning'inie, weka stendi. Safisha nyuzi kwa brashi ya waya na uzipake grisi. Zungusha mizunguko miwili kila upande, hesabu sawasawa, shusha, kisha endesha mita kadhaa mbele na nyuma ili magurudumu yatulie. Ukipima hapohapo bila kulisogeza, matairi yaliyobana chini yatalizuia gari lisikae na utapata namba ya uongo. Rudia kidogokidogo. Ukigusa kulia, kushoto nako kutabadilika kidogo, kwa hiyo pima pande zote mbili kila mara. Tofauti ya milimita 5 kati ya kulia na kushoto inavumilika.

Kukaza bolti hakuifanyi nondo iwe ngumu zaidi. Ugumu wake unatokana na unene na urefu wake, basi. Unachobadilisha ni pale mkono wa chini (chuma kinachounganisha gurudumu na chesisi) unapoanzia. Gari linahisi gumu kwa sababu umekula nafasi ya gurudumu kushuka: ukipita shimo, mkono wa juu unagota kwenye raba yake ya kugotea na mtikisiko wote unaingia ndani. Chungulia raba hiyo gari likiwa limesimama. Ikiwa karibu inagusa, umepita kiasi, rudisha. Kwa gari hili sentimita 4 juu ya kimo cha kiwandani zinatosha, na ukienda zaidi ya 5, sivi jointi (viungo vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele) zinafanya kazi kwa pembe kali, buti zake za raba zinachanika na grisi inarushwa nje.

Bolti ikifika mwisho na gari bado liko chini, nondo imechoka au imefungwa kwenye meno yasiyo yake. Hapo inalegezwa kabisa, inatolewa na kurudishwa jino moja mbele. Kama gari lako lina mfumo wa AHC, ule unaopandisha na kushusha gari kwa presha ya mafuta, usiguse bolti kabla fundi hajasoma presha ya mfumo.

Hilux Revo yangu imewekewa spesa (kipande cha kuinulia) ya milimita 30 juu ya strati, yaani shokapu iliyovikwa springi. Imepanda karibu sentimita 6, lakini kila nikitoka kwenye tuta kuna mlio wa "ko!" mbele.

Namba zako zinaeleweka. Strati imefungwa katikati ya mkono wa chini, si kwenye gurudumu, kwa hiyo kila milimita moja pale juu inakuwa karibu mbili kwenye gurudumu. Wengi hununua spesa ya milimita 50 wakidhani wataipata 50.

Spesa ya juu ya strati haibadilishi shokapu. Inaisukuma yote chini. Matokeo yake gurudumu likining'inia linashuka sentimita 6 zaidi ya lilivyokusudiwa, na mkono wa juu unafika kugonga springi. Kagua: inua gari, magurudumu yaning'inie, tazama kama kuna alama ya kung'aa kwenye koili karibu na mkono. Ukiiona, umempata mgonjwa. Boljointi ya juu, kiungo cha mkono na gurudumu, nayo iko ukingoni mwa uwezo wake. Na gari likibonyea, shokapu inafika mwisho kabla ya raba ya kugotea kufanya kazi, ndipo sili zinapasuka.

Toa hiyo spesa. Weka springi ndefu zaidi na shokapu zinazolingana nazo, ubaki kwenye sentimita 4 hadi 5. Ukishikilia kimo cha sasa, huna budi kubadilisha mikono ya juu.

Land Cruiser 79 ya utalii, imeinuliwa sentimita 5. Ikifika kilomita 80 kwa saa usukani unaelea, na haukai katikati.

Ni mambo mawili tofauti. Kuelea kunatokana na kasta, yaani mlalo wa mhimili ambao gurudumu linakatia kona, ukitazama gari kwa ubavuni. Ekseli ya mbele imeshikwa na mikono miwili mirefu, na gari likipanda, ekseli inajizungusha mbele. Kila sentimita 2.5 inakula takriban digrii moja. Umepoteza karibu digrii 2, na usukani umekosa nguvu ya kujirudisha. Weka bushi zenye tundu la pembeni kwenye mikono hiyo. Alaimenti ya kawaida haitarekebisha kasta kwenye ekseli hii.

Usukani kutokaa katikati kunatokana na fimbo ya usukani iliyobadilika pembe. Rekebisha urefu wa fimbo yenyewe. Usichomoe usukani na kuurudisha, kwa sababu boksi la usukani litabaki nje ya katikati yake. Angalia pia fimbo ya panadi, ile inayoshika ekseli isiende pembeni: gari likipanda, inaivuta ekseli kuelekea upande ilikofungwa kwenye chesisi. Fimbo inayorefushwa inamaliza hilo.

Nyuma gari limelala upande wa dereva. Niongeze urefu wa shakeli (kiungo kinachoning'iniza mwisho wa springi kwenye chesisi) upande huo?

Hapana. Kwanza badilishana springi: ya kulia iende kushoto. Mlalo ukihama, springi imechoka. Ukibaki palepale, tatizo ni mzigo au chesisi. Na ujue kuwa shakeli iliyorefushwa sentimita 5 inainua nusu tu, 2.5.

Springi mpya zifungwe na yu-bolti mpya, zile bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli. Bolti za bushi zikazwe baada ya kazi nyingine zote, gari likiwa limesimama kwa magurudumu. Zikikazwa likining'inia, raba zinajisokota na kupasuka mapema. Kaza tena yu-bolti baada ya kilomita 500, au mapema zaidi kama unapita barabara zenye mawimbi kama ile ya Ngorongoro kwenda lango la Naabi, Serengeti.

Baada ya kuinua, breki za nyuma zimekuwa dhaifu. Zinahusiana?

Ndiyo. Hilux na Land Cruiser nyingi zina vali juu ya ekseli ya nyuma inayopima mzigo. Ukiinua gari, vali inadhani limepunguziwa mzigo na inapunguza presha ya breki za nyuma. Inua kishikio chake kilicho kwenye ekseli kwa kiasi kilekile ulichoinua gari. Ukiwa hapo chini, ning'iniza ekseli na uhakikishe mpira wa breki haukazi.

Alaimenti nifanye lini?

Siku hiyohiyo, maana kwenye Hilux na Land Cruiser 100 too (magurudumu ya mbele kuelekea ndani au nje) imeshahama na matairi yatalika. Kisha tena baada ya kilomita 500 springi zikitulia, ukiwa na mzigo wako wa kawaida. Taa za mbele zishushwe siku ya kwanza, kabla hujaendesha usiku.