Maswali ya Wasomaji: Je, Ukulele Inaweza Kubeba Wimbo Peke Yake?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimekuwa nikipiga ukulele, ala ndogo inayofanana na gitaa, katika kikundi cha vijana kanisani kwetu, na kazi yangu siku zote ni kuwasindikiza waimbaji. Hivi karibuni niliombwa nipige wimbo mmoja peke yangu wakati wa sadaka, bila mtu wa kuimba. Mwalimu wetu wa kwaya alinishauri nitumie kinanda, kwa kuwa ukulele ina nyuzi nne tu, haina besi, na kwa maoni yake haiwezi kubeba wimbo mzima. Je, ni kweli?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, mwalimu wako amesema kweli kuhusu besi, lakini hitimisho lake silikubali. Uzi wenye sauti ya chini kabisa katika ukulele ya kawaida hutoa C ya katikati ya kinanda, ilhali gitaa huteremka chini ya hapo kwa zaidi ya oktavi moja (umbali wa kutoka do hadi do inayofuata) na nusu. Anayetaka mngurumo hataupata. Hata hivyo, wimbo unaopigwa na chombo kimoja hudai mambo mawili kabla ya besi: melodi isikike waziwazi, na msikilizaji azitambue kordi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, zinazoitegemeza. Nyuzi nne zinatosha kwa yote mawili, mradi mpigaji aache kucharaza nyuzi zote kwa kila pigo na aanze kuchagua ni zipi zilie na zipi zinyamaze.

Wapo waliolithibitisha jambo hili zamani. Ukulele ilizaliwa Hawaii, baada ya meli iliyoitwa Ravenscrag kutia nanga Honolulu mwezi Agosti 1879 ikiwa na wahamiaji kutoka Madeira, kisiwa cha Wareno. Miongoni mwao walikuwamo mafundi seremala watatu, Manuel Nunes, José do Espírito Santo na Augusto Dias, na chombo walichokitolea mfano kilikuwa machete, gitaa dogo la kwao la nyuzi nne. Hawaii iliipokea ukulele hasa kama chombo cha kusindikiza nyimbo na ngoma ya hula, na sifa hiyo ndiyo iliyosambaa duniani. Eddie Kamae, aliyezaliwa Honolulu mwaka 1927, hakuridhika nayo: alidonoa nyuzi zote nne kwa vidole, akaipiga melodi pamoja na kordi zake kwa wakati mmoja. Herb Ohta alijifunza kwake, kisha akarekodi albamu nyingi ambazo ndani yake ukulele ndiyo inayoongoza badala ya mwimbaji. John King, Mmarekani aliyefariki mwaka 2009, alirekodi muziki wa Bach, mtunzi Mjerumani, kwa ukulele moja tu. Na mwaka 2006, video ya Jake Shimabukuro akipiga peke yake katika bustani ya Central Park jijini New York ilitazamwa na mamilioni ya watu. Mtu anayesikiliza kazi za hao wanne hawezi tena kusema kwamba chombo hiki kinamngoja mwimbaji.

Sasa tuje kwenye wimbo wako. Kwa kuwa umelelewa katika kwaya, nitatumia solfa, na C ndiyo itakayokuwa do. Bonyeza freti ya tatu (freti ni vijiti vya chuma vilivyokatiza shingo) ya uzi wa kwanza, ule ulio karibu na sakafu unapoishika ukulele, uache nyuzi nyingine tatu wazi: hiyo ni kordi ya C unayoipiga kila Jumapili, na noti yake ya juu kabisa ni do. Shika kordi ya G kama ulivyozoea. Noti ya uzi wa kwanza sasa ni ti. Shika kordi ya F, uache uzi wa kwanza wazi, nao utalia la. Umekwisha kupiga do, ti, la, kila noti ikiwa na kordi yake chini, na vidole vyako havijafanya jambo lolote jipya. Kinachobadilika ni mkono wa kulia: pitisha kidole gumba taratibu kutoka uzi wa nne kwenda uzi wa kwanza, ukiishia kwenye uzi wa kwanza kwa nguvu kidogo zaidi, ili noti ya mwisho ndiyo ibaki masikioni.

Ugumu huanza melodi inaposhuka chini ya la, na hapa naomba usome polepole, kwa sababu ndipo wengi wanapokata tamaa. Uzi wa kwanza hauna so, kwa hiyo melodi huhamia uzi wa pili. Ukiendelea kupitisha gumba kwenye nyuzi zote, uzi wa kwanza utalia juu ya melodi na msikilizaji ataupoteza wimbo. Kwa so, bonyeza freti ya tatu ya uzi wa pili na uishie hapo, bila kuugusa uzi wa kwanza. Kwa mi, acha uzi wa pili wazi na upige uzi wa tatu na wa pili tu, kwa sababu uzi wa nne wa ukulele ya kawaida ni so, ambayo iko juu ya mi, nao ungeifunika. Mkono wa kulia wa mpigaji wa peke yake hutumia muda mwingi kuamua ni uzi gani usiguswe. Mazoezi ya jambo hili hayana mvuto mwanzoni, lakini bila hayo utabaki unasindikiza wimbo ambao hakuna anayeuimba.

Kama wimbo wenyewe unashuka mara nyingi, usipigane nao. Uhamishie kwenye ufunguo wa F. Hapo so ya chini huangukia kwenye uzi wa tatu ulio wazi, na kuanzia mi kwenda juu melodi yote inaweza kukaa kwenye uzi wa kwanza. Waimbaji hulalamika ufunguo unapopandishwa, lakini safari hii hakuna mwimbaji wa kumwonea huruma.

Kwa ibada ya sadaka ningekushauri upige ubeti wa kwanza noti moja moja bila kordi, ili waumini wautambue wimbo, ubeti wa pili kwa kordi kama nilivyoeleza, na wa tatu kwa kudonoa, gumba na vidole vitatu vikipokezana. Mabadiliko hayo matatu yanatosha kuwafanya wasikilize mpaka mwisho.

SWALI: Mimi ni mpiga gitaa ninayejifunza ukulele. Nimesikia kwamba anayetaka kupiga peke yake lazima abadili uzi wa nne na kuweka G ya chini. Je, nibadili?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Si lazima, na kwa mwanzo nisingekushauri. G ya chini huongeza noti tano chini ya C, ukihesabu kila nusu toni, na kwako wewe ingekuwa rahisi mno, kwa kuwa nyuzi zingefuatana sawasawa na nyuzi nne nyembamba za gitaa lililofungwa kapo (kibano kinachobana nyuzi zote) kwenye freti ya tano. Ungepiga kila unachokijua tayari. Ndiyo maana nakuomba usubiri: ungehamishia gitaa lako kwenye mbao ndogo zaidi, usiijue ukulele yenyewe.

G ya juu, yaani uzi wa nne wa kawaida, ina faida ambayo gitaa la kawaida halina. Kwa kuwa uzi wa nne na wa kwanza zimetofautiana kwa toni moja tu, noti zinazofuatana kwenye skeli (ngazi ya noti, kama do, re, mi) zinaweza kupigwa kwenye nyuzi tofauti na kuachwa zikilia pamoja, kama kengele. Wapigaji huuita mtindo huo kampanela, na ndio John King aliojengea muziki wake wa Bach. Jaribu skeli ya C: do, uzi wa tatu wazi, re, uzi huohuo freti ya pili, mi, uzi wa pili wazi, fa, rudi uzi wa tatu freti ya tano, so, uzi wa nne wazi, la, uzi wa kwanza wazi, ti, uzi wa nne freti ya nne, do, uzi wa kwanza freti ya tatu. Ukiondoa noti mbili za kwanza, hakuna uzi unaopigwa mara mbili mfululizo, hivyo kila noti inaingia wakati iliyotangulia bado inalia. Kati ya mi na fa utasikia msuguano mfupi. Ukikukera, gusa uzi wa pili kwa ncha ya kidole ili unyamaze.

Ufundi huu ni mkongwe kuliko ukulele. Magitaa ya Ulaya ya karne ya 16 yalikuwa na safu nne za nyuzi, yakiachana kwa vipimo vilevile vya sauti kama ukulele, na katika miaka ya 1550 vitabu vya muziki wa kupigwa peke yake kwa magitaa hayo vilikuwa vikichapishwa Paris. Muziki huo unaingia kwenye ukulele bila marekebisho makubwa, nao ni hazina kwa yeyote anayesoma noti.

Herb Ohta alijulikana kwa G ya chini, na Shimabukuro hutumia G ya juu. Kila mmoja amefikia kilele chake. Siku utakapobadili, fahamu kwamba uzi huo ni mnene kuliko ule ulioutoa, na huenda ukahitaji fundi akupanulie kidogo mfereji wa kishikio kilicho juu ya shingo. Ukilazimishwa kwenye mfereji mwembamba, hukaa juu mno na freti za mwanzo hutoa sauti isiyo sahihi.

SWALI: Nina ukulele ndogo kabisa, ya soprano. Noti zake hufa upesi mno, na nyimbo za taratibu zinanishinda. Je, ninunue kubwa zaidi, ile iitwayo tena (tenor)?
Msomaji, Zanzibar

JIBU: Ukiwa na uwezo, ndiyo. Urefu wa uzi unaotetema kwenye soprano ni takriban sentimita 35, na kwenye tena ni kama 43. Nyuzi zake hukazwa zaidi, noti hudumu, na vidole hupata nafasi kwenye freti za juu, ambako melodi ya mpigaji wa peke yake hupenda kukaa. Ila usiiweke soprano kabatini. Noti ndefu unaweza kuirefusha kwa kuipigapiga upesi kwa ncha ya kidole cha shahada, na kordi ndefu unaweza kuivunja, ukidonoa noti zake moja moja badala ya kuzipiga pamoja. Kabla ya kutumia fedha, badilisha pia nyuzi. Soprano nyingi za bei nafuu huja na nyuzi hafifu, na seti ya nyuzi bora za fluorokaboni hugharimu kidogo sana ukilinganisha na ukulele mpya. Nyuzi mpya hulegea siku za mwanzo, kwa hiyo zifunge mapema, si asubuhi ya siku ya kupiga mbele za watu.