Ulizeni Tujibu: Makato ya mshahara, kikokotoo na uzee wenye uhakika

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu mstari mmoja wa slipu ya mshahara, ule wa mfuko wa hifadhi ya jamii kama NSSF. Wengi wanaulalamikia kwa kuwa unapunguza pesa ya kwenda nayo nyumbani wakati mchele, nauli na kodi ya nyumba havishikiki. Wachache tu wanauliza kama pesa hiyo inafika, na hao ndio tunaanza nao.

*Nafanya kazi kampuni ya usafirishaji Dar es Salaam. Nakatwa asilimia 10 kila mwezi, lakini taarifa yangu ya NSSF inaonyesha miezi saba haina mchango. Mhasibu anasema "inakuja." Nifanyeje bila kugombana na bosi?*

Kwanza tenganisha kuchelewa na kutolipwa. Sheria inampa mwajiri mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara kuisha. Mchango wa Januari, kwa mfano, unatakiwa uwe umefika kabla ya Februari kuisha. Ukiangalia taarifa tarehe 10 Februari ukaikuta Januari tupu, bado hujadhulumiwa. Miezi saba iliyopita zamani ni habari nyingine.

Kabla ya kumtuhumu mtu, angalia mambo ya kawaida yanayopoteza michango iliyolipwa. Je, una namba mbili za uanachama, moja ya kazi ya zamani na moja ya sasa? Jina lako NSSF linalingana na la kitambulisho cha NIDA, herufi kwa herufi? Kuna waajiri wanaolipa fedha kwa wakati lakini orodha ya wafanyakazi ina namba isiyo sahihi, fedha zikaingia bila kumfikia mwenyewe. Haya hurekebishwa ofisi ya NSSF kwa kupeleka kitambulisho na slipu.

Yakiwa sawa yote hayo, fanya hivi. Kusanya slipu za miezi yote saba, mkataba wa ajira, na taarifa ya benki inayoonyesha mshahara ulioingia. Mwandikie mwajiri barua fupi, ukitaja miezi kwa majina na kiasi ulichokatwa kila mwezi. Omba nakala ya uthibitisho wa malipo. Mpe siku 14. Usiandike neno "wizi", andika "michango isiyoonekana." Asipojibu, peleka nakala ya barua na viambatisho ofisi ya NSSF ya mkoa uliosajiliwa mwajiri wako, kitengo cha ukaguzi. Wakaguzi wana mamlaka ya kufungua vitabu vya kampuni na kumfikisha mwajiri mahakamani. Wewe huna, na wala hulazimiki kuwa nayo. Mkiwa wengi mnaodai miezi ileile, pelekeni pamoja, kwa sababu anayekwenda peke yake ndiye huonekana mkorofi.

Slipu usizitupe. Slipu ndiyo ushahidi kuwa ulikatwa, na zile za simu au barua pepe hupotea siku unapoacha kazi na akaunti ya kampuni inapofungwa. Zihifadhi kwenye barua pepe yako binafsi kila mwezi.

*Michango yangu yote ipo, sina shida. Ila nimeona mchango ni Sh 140,000 kwa mwezi wakati mshahara wangu na posho ni Sh 1,200,000. Hiyo ni sawa?*

Si sawa, na tunafurahi umepiga hesabu, maana wengi huangalia kama mwezi upo tu. Kwa mfanyakazi wa sekta binafsi mchango ni asilimia 20 ya mshahara ghafi, na mwajiri haruhusiwi kukukata zaidi ya asilimia 10. Asilimia 20 ya 1,200,000 ni 240,000. Sh 140,000 maana yake mwajiri ametangaza mshahara wa Sh 700,000. (Watumishi wa umma, walio kwenye mfuko wao wa PSSSF, wana hesabu yao: asilimia 20 ya mshahara wa msingi, mtumishi akitoa 5 na mwajiri 15.)

Tazama hasara yake. Kanuni ya kukokotoa pensheni (kikokotoo) inayotumika tangu Julai 2022 huchukua wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka mitatu iliyo bora ndani ya miaka kumi ya mwisho, ikauzidisha kwa idadi ya miezi uliyochangia na kugawanya kwa 580. Tuseme umechangia miezi 240, yaani miaka 20.

Kwa mshahara wa kweli, mwaka ni Sh 14,400,000. Zidisha kwa 240, gawanya kwa 580, unapata kama Sh 5,958,600. Hiyo ndiyo pensheni ya mwaka kabla ya kutoa mkupuo, yaani fedha unayolipwa kwa mara moja unapostaafu. Mkupuo ukiwa asilimia 35, unazidisha kwa 12.5 (kizidisho cha kanuni hiyo) kisha kwa 0.35: karibu Sh 26,069,000. Asilimia 65 inayobaki, ukiigawa kwa miezi 12, ni karibu Sh 322,800 kila mwezi.

Kwa mshahara uliotangazwa wa 700,000, mkupuo unashuka hadi karibu Sh 15,207,000 na pensheni hadi Sh 188,300. Umepoteza karibu milioni 11 za mkononi na zaidi ya laki moja na elfu thelathini kila mwezi hadi mwisho wa maisha yako. Mwajiri ameokoa Sh 50,000 kwa mwezi, na nyingine 50,000 zimebaki mfukoni mwako kama hakukukata. Kama slipu inaonyesha alikukata 120,000 huku akipeleka jumla ya 140,000, basi ametoa 20,000 tu za kwake.

Wako wafanyakazi wanaoukubali mpango huu kwa sababu mkononi wanapata zaidi. Hatuwashauri. Fao la kukosa ajira nalo hufuata mshahara uliotangazwa, na kinachohesabika ni kilichoandikwa, si maelewano ya mdomo.

*Kwa nini nisiombe nisikatwe kabisa, nikanunue kiwanja? Serikali yenyewe inabadilisha kikokotoo kila mara.*

Huwezi kuomba usikatwe. Mchango wa mwajiriwa ni wa lazima. Ila swali lina uzito, tulijibu kwa namba.

Mchango hutolewa kabla ya kodi ya mshahara (PAYE). Mwenye mshahara ghafi wa Sh 1,200,000 anatoa 120,000, kodi inahesabiwa kwenye 1,080,000. Kodi hiyo ni Sh 152,000. Asingechangia, kodi ingekuwa 188,000. Kwa hiyo 120,000 zimepunguza mshahara wa mkononi kwa Sh 84,000 tu, wakati kwenye akaunti yako ya mfuko zinaingia 240,000. Kiwanja hakitakupa mwanzo kama huo, hata kikiwa Kigamboni.

Kuhusu kubadilika kwa kanuni, uko sahihi. Mwishoni mwa 2018 ilikuja kanuni ya mkupuo wa asilimia 25, kelele zikawa nyingi, Rais Magufuli akaisimamisha Desemba mwaka huohuo. Julai 2022 ikaja asilimia 33 kwa mifuko yote miwili. Bajeti ya 2024/25 ikaipandisha hadi 40 kwa waliokuwa kwenye kundi la asilimia 50 zamani na 35 kwa waliokuwa kwenye kundi la 25. Anayestaafu baada ya miaka 20 asiape kwamba asilimia itakuwa hiyohiyo.

Lakini angalia kinachobadilika. Sehemu kubwa ya ugomvi ni ya kugawanya kati ya mkupuo na pensheni ya mwezi. Kila shilingi moja ya pensheni ya mwaka unayoiachia hukupa shilingi 12.5 za mkupuo leo. Ukiishi zaidi ya miaka 12 na nusu baada ya kustaafu, hiyo shilingi ingekulipa zaidi ikibaki kwenye pensheni. Mwenye umri wa miaka 60 na afya nzuri asilie sana kwa mkupuo kuwa mdogo. Mwenye deni la nyumba au mtoto chuoni, ndiyo, ana haki ya kulia.

*Nimebakiza miezi minne kufikisha 180 na nina miaka 58. Kampuni inapunguza watu. Nina hofu.*

Hofu yako ni ya haki, kwa sababu miezi 180 ya michango ndiyo mlango wa pensheni ya kila mwezi. Anayefikisha umri wa kustaafu akiwa na miezi 176 hulipwa mkupuo maalum mara moja, basi. Kila mwezi wako sasa una thamani kuliko mshahara wenyewe.

Leo hii, kabla hujapewa barua, chukua taarifa kamili ya michango uhesabu mwenyewe. Tafuta miezi ya ajira za zamani: ile kazi ya 1998 yenye namba nyingine huenda ina miezi sita imelala. Kama uliwahi kuwa mtumishi wa umma, uliza kuhusu kujumlisha vipindi vya uchangiaji. Barua ikija, kwenye mazungumzo ya kuachishwa omba tarehe ya mwisho isogezwe badala ya kulipwa miezi ya notisi kwa fedha taslimu, ili miezi hiyo ibaki ya mshahara wenye mchango. Hilo mwajiri anaweza kulikubali kwa sababu halimgharimu sana. Likishindikana, NSSF inapokea wachangiaji wa hiari, na miezi minne ni ya kutafuta kwa kila njia.

Kwa walio vijana wanaosoma hili: ukiachishwa kazi (si kuacha mwenyewe) ukiwa umechangia angalau miezi 18, lipo fao la kukosa ajira, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Kwa mshahara wa Sh 900,000 ni kama 300,000 kwa mwezi. Litumie hilo kulipa kodi ya nyumba, na miezi yako ya kuchangia iache itulie ikusubiri ajira ijayo.

*Pensheni ya laki tatu miaka 20 ijayo itanunua nini? Naomba njia ya kujiongezea. Nalipwa Dodoma, nabaki na kama Sh 750,000 baada ya makato.*

Mfumuko wa asilimia 4 kwa mwaka, kwa miaka 20, hupunguza nguvu ya shilingi hadi chini ya nusu. Laki tatu zitanunua kinachonunuliwa leo kwa karibu Sh 137,000. Kwa hiyo ndiyo, makato ya lazima ni sakafu, si nyumba nzima.

Anza na fedha ya dharura, maana asiye nayo huvunja akiba ya uzeeni kila mtoto akiugua. Lenga matumizi ya miezi mitatu, na iweke mahali pa kutoa haraka. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya Serikali ya uwekezaji wa pamoja, unafaa kwa kazi hiyo. Ikishajaa, elekeza pesa ileile kwenye akiba ndefu, kama Mfuko wa Umoja, Mfuko wa Hatifungani au hatifungani za Serikali zenyewe, yaani kuikopesha Serikali ikulipe riba. Hatifungani zinaanzia Sh 1,000,000 kwa mnada, riba hulipwa mara mbili kwa mwaka, na unanunua kupitia benki au dalali wa soko la hisa. Wengi hukosea hapa: riba ikiingia wanaila. Irudishe, hata kwa kununua vipande (sehemu ndogo za mfuko) vya UTT.

Njia ya kufanikiwa ni kuiga makato yenyewe. Weka agizo la kudumu benki lihamishe fedha siku moja baada ya mshahara kuingia. Usisubiri tarehe 28 kuona kitakachobaki. Kwa mfano wa hesabu tu, Sh 100,000 kwa mwezi zikikua asilimia 10 kwa mwaka, baada ya miaka 20 ni kama milioni 75.9, ambazo umeweka milioni 24 kati yake. Ukiondoa mfumuko wa asilimia 4, ni kama milioni 34 hadi 35 za leo. Faida haina dhamana, inaweza kuwa pungufu. Kila ukipandishwa mshahara, ongeza agizo hilo kwa nusu ya nyongeza.

Mambo yakibana, punguza hadi 20,000 lakini usifute agizo. Kulirudisha ni kazi ambayo watu huiahirisha hadi mwaka uishe. Na usichukue mkopo wa benki kwa ajili ya kuwekeza, riba ya mkopo hukutangulia siku zote.

*Niko Mombasa. Kila Februari makato yangu ya NSSF yanaongezeka. Kuna kosa?*

Hakuna. Kwa Kenya, Sheria ya NSSF ya 2013 iliyoanza kutekelezwa Februari 2023 inaongeza viwango kwa awamu, asilimia 6 yako na 6 ya mwajiri. Kwa mwenye mshahara mkubwa, makato ya juu yalikuwa Sh 1,080 za Kenya mwaka 2023, 2,160 mwaka 2024 na 4,320 mwaka 2025. Tofauti na hesabu tuliyoeleza hapo juu, huko fedha zako hujikusanya kwenye akaunti yenye riba, kwa hiyo unachokipata hutegemea ulichoweka, si kanuni ya wastani wa mshahara. Mwajiri anaweza kupeleka sehemu ya pili ya michango kwenye mpango binafsi wa pensheni uliosajiliwa, ukiomba taarifa yako uliza ni wapi inakwenda. Michango ya uzeeni hupunguza mapato yanayotozwa kodi, na kikomo kimepandishwa kutoka Sh 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi tangu mwishoni mwa Desemba 2024. Kama slipu yako bado inatumia 20,000, mwulize mhasibu kwa maandishi.