Kazi si nyingi, ila hakuna pengo: kwa nini mbio za mjini zinakuchosha

Mkuu, umeuliza kwa nini unachoka na hasira ziko karibu wakati kazi yako ni ya mezani, unalala masaa saba, na Jumapili hufanyi kitu. Jibu limo kwenye ratiba uliyoiweka: foleni, kikao, simu, chakula mbele ya kompyuta, kikao, foleni tena. Hakuna hata dakika tano tupu.

Mwili hautofautishi sana kukimbizwa na mbwa na kuchelewa kikao. Adrenalini, homoni ya kushtuka, inapanda papo hapo; kotisoli, homoni ya msongo, inafuata na kufika kileleni baada ya dakika 20 hadi 30, halafu inashuka taratibu. Ukikurupushwa tena kabla haijashuka, unaanzia juu. Ndiyo maana jioni unamfokea mtoto kwa kumwaga maji tu.

Na usijione umeharibika tabia. Katika utafiti wao wa mwaka 1973, wanasaikolojia Darley na Batson waliwatuma wanafunzi wa seminari huko Princeton, Marekani, waende jengo la pili, njiani wakamweka mtu aliyejikunyata mlangoni, anakohoa na kugumia. Wasio na haraka, asilimia 63 walimsaidia. Walioambiwa wamechelewa, asilimia 10. Na baadhi yao walikuwa wanakwenda kuzungumzia Msamaria Mwema!

Sasa cha kufanya. Kwa siku tano za kazi andika saa unayofunga mlango wa nyumbani na saa unayokaa kwenye kiti cha ofisi. Mlango hadi kiti, siyo muda wa kwenye gari peke yake. Kusubiri lifti nako kumo. Tuseme umepata dakika 50, 55, 48, 75 na 60. Wastani ni kama 58, na wengi hupanga kwa huo. Matokeo yake wanachelewa siku mbili kati ya tano na roho iko juu juu siku zote tano, maana hujui leo ni ipi. Panga kwa 75. Siku nyingi utabaki na robo saa au zaidi mkononi.

Hapo ndipo mpango unapokufa: mtu anafika mapema, anafungua barua pepe. Umelirudisha pengo ulikolitoa. Simu ibaki mfukoni. Vuta pumzi kwa sekunde 4, itoe kwa sekunde 6, dakika tano. Ukiona kizunguzungu, unavuta hewa nyingi mno. Punguza kiasi, mwendo uache vilevile.

Kengele ya simu usiitege saa ya kuondoka. Itege dakika 10 kabla, iwe ya kuacha unachofanya. Kinachochelewesha watu ni kale ka "ngoja nimalizie hiki" kanakotafuna dakika 12. Vikao navyo, kama una sauti, viwe vya dakika 50 badala ya saa nzima.

Kahawa: nusu ya kafeini bado imo mwilini baada ya masaa matano hivi, kwa wengine zaidi. Ya saa kumi jioni, saa tatu usiku nusu yake ipo. Utalala, ndiyo, lakini usingizi mwepesi, na kesho utaitaka tena.

Hiyo Jumapili ya kulala hadi saa nne, mimi naiona ndiyo adui yako mkubwa. Siku za kazi unaamka saa kumi na mbili. Tofauti ya masaa manne inausogeza mwili kama aliyesafiri nchi ya mbali, halafu usiku wa Jumapili macho makavu. Usizidishe saa moja. Ukihitaji zaidi, lala mchana dakika 20, kabla ya saa tisa.

Usianze yote pamoja, utajiongezea mbio nyingine. Anza na daftari la siku tano. Ila kama kifua kinabana, au usingizi umekukimbia wiki tatu mfululizo, daktari kwanza, daftari baadaye.