Maswali ya Wasomaji: Viroboto Wanaorudi Kila Wiki

SWALI: Daktari, habari za kazi. Ninaishi Mkonze, Dodoma, na nina mbwa wawili wa ulinzi ambao hulala juu ya magunia barazani, jirani na banda la kuku. Tangu mvua zilipoanza, viroboto wametushinda. Kila Jumamosi kijana wangu huwaogesha mbwa kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe, viroboto hupungua, lakini kabla ya Jumamosi nyingine wamekwisha kurudi, na wajukuu huamka na vipele miguuni. Jirani mmoja ananishauri nitumie dawa ya kupulizia mazao, na mwingine anasema oili chafu ndiyo kiboko yao. Mbwa jike ana watoto wa wiki tatu. Nifanye nini? – Bibi, Mkonze

JIBU: Shikamoo, Bibi. Kabla ya yote nakusihi usifuate ushauri wa majirani hao, hata kama umetolewa kwa nia njema. Dawa ya mazao hupenya ngozi ya mbwa, naye huilamba anapojisafisha. Huanza kutokwa na mate mengi, hutetemeka, huharisha, na mara nyingi hufa. Wajukuu wanaomshika mbwa huyo nao huigusa sumu hiyo hiyo. Oili chafu huunguza ngozi na humdhuru mbwa anapoilamba. Hata dawa ya kuogeshea ng'ombe haifai kutumiwa kwa kukadiria, kwa sababu kipimo cha ng'ombe si cha mbwa, na baadhi ya dawa zinazoua kupe vizuri haziwawezi viroboto.

Kijana wako hana kosa. Kinachomshinda ni kwamba viroboto unaowaona juu ya mbwa ni sehemu ndogo tu ya viroboto waliopo nyumbani. Jike wa kiroboto huanza kutaga siku moja au mbili baada ya kunyonya damu kwa mara ya kwanza, na anaweza kutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku. Mayai hayo hayagandi kwenye manyoya, bali hudondoka kila mbwa anapojikuna, anapojitikisa na hasa anapolala. Hapo huanguliwa mabuu wanaokimbia mwanga, ambao hujichimbia katika vumbi, nyufa za sakafu na mikunjo ya gunia, wakila kinyesi cha viroboto wakubwa, ambacho kwa hakika ni damu iliyokauka. Baada ya hapo kila buu hujifungia ndani ya kifukofuko kinachonata na kushika mchanga, na humo dawa nyingi hazimfikii. Kwa hiyo kila Jumamosi mnaua waliokomaa, na katikati ya wiki wanatoka wapya.

Hali ya hewa ya Dodoma inaweza kuwa msaada wako mkubwa. Mabuu hawavumilii hewa kavu wala joto linalozidi nyuzi 35, kwa hiyo katikati ya ua unaopigwa jua la Oktoba si rahisi kuwapata. Watafute kivulini na penye unyevunyevu: chini ya magunia, ukingoni mwa baraza, chini ya vitanda, na pale simtanki linapodondosha maji. Miezi ya mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, makazi hayo huongezeka, na ndiyo maana umeona mabadiliko tangu mvua zilipoanza.

Ili kuwa na hakika kwamba ni viroboto, yatenge manyoya ya mbwa juu ya shina la mkia, mahali wanapopenda kujikusanya. Ukiona chembe nyeusi zinazofanana na vumbi, ziweke juu ya kitambaa cheupe kilicholoweshwa na uzisugue kidogo kwa kidole. Zikiacha doa jekundu la kahawia, hicho ni kinyesi chao, hata kama hujamwona kiroboto mwenyewe.

Kazi ya mbwa na kazi ya nyumba zifanyike siku moja. Kwa mbwa, mwone afisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo akuuzie dawa ya viroboto iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa, iwe ya matone yanayowekwa kwenye ngozi ya shingo au ya kidonge, na umtajie uzito wa kila mbwa kwa sababu kipimo hufuata uzito. Mwulize waziwazi kama dawa hiyo inafaa kwa jike anayenyonyesha. Kama nyumbani kuna paka, mwambie hilo pia: dawa za mbwa zenye permethrini humtia paka mitetemeko na kumwua, hata kwa kulala tu karibu na mbwa ambaye dawa yake haijakauka. Paka naye anahitaji dawa yake, la sivyo atawalisha viroboto wale wale.

Watoto wa wiki tatu wasipakwe dawa yoyote bila daktari kuwaona. Waogeshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, wachane kwa kitana chenye meno ya karibu huku ukiwatumbukiza viroboto katika maji ya sabuni, kisha uwakaushe vizuri wasipate baridi. Tazama fizi zao kila siku. Zikiwa nyeupe badala ya kuwa na rangi ya waridi, damu imepungua mno, na wapelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, kwa maana mtoto wa mbwa hufa kwa viroboto peke yao.

Kwa upande wa nyumba, magunia hayo yachome moto na mahali pake uweke shuka kuukuu linaloweza kufuliwa kwa maji ya moto kila wiki na kuanikwa juani. Najua maji ni shida katika mitaa mingi ya Dodoma, lakini ndoo ya kufulia tandiko la mbwa ni ya lazima kuliko ndoo ya kumwogesha mbwa mwenyewe. Sogeza vitanda, fagia hadi kwenye pembe na nyufa, na takataka zote uzichome. Baada ya kufagia, pulizia dawa ya wadudu iliyoruhusiwa kutumika ndani ya nyumba, watoto, kuku, vyombo na chakula vikiwa vimetolewa, na urudie baada ya wiki mbili ili kuwapata waliokuwa wangali ndani ya vifukofuko. Mbwa waendelee kupata dawa kwa vipindi vilivyoandikwa kwenye pakiti kwa muda usiopungua miezi mitatu. Katika mwezi wa kwanza bado utawaona viroboto wachache. Usikate tamaa na usiongeze kipimo.

Chunguza pia kuku wako. Wapo viroboto wa kuku wanaojikita kwenye upanga na kuzunguka macho bila kuruka, nao huhamia kwenye masikio ya mbwa aliyelala karibu na banda. Ukiwakuta, banda lisafishwe na litibiwe siku ile ile, na mahali pa kulala mbwa pahamishwe.

SWALI: Tulifunga nyumba yetu Kongwa kwa miezi miwili, na mbwa tulimwacha kwa ndugu. Tuliporudi na kufungua mlango, viroboto walituvamia miguuni. Walikuwa wakila nini muda wote huo? – Msomaji, Kongwa

JIBU: Hawakuwa wakila chochote. Kiroboto aliyekomaa anaweza kubaki ndani ya kifukofuko kwa wiki nyingi, hata miezi, akingoja dalili ya kwamba mnyama au mtu amekaribia. Dalili hizo ni mtikisiko wa hatua, joto la mwili na hewa tunayoitoa tunapopumua. Mlipoingia mkiburuta mizigo, mliwaamsha wengi kwa wakati mmoja. Mkifunga nyumba tena, ingieni kwanza mtu mmoja aliyevaa suruali iliyochomekwa ndani ya soksi, afagie na kutembea vyumbani ili waamke, apulizie dawa, na familia iingie baadaye.

SWALI: Je, viroboto wa mbwa wanaweza kutuletea tauni kama ile ya Lushoto? – Msomaji, Manyoni

JIBU: Hofu yako ina msingi, kwa kuwa Lushoto, mkoani Tanga, ilisumbuliwa na tauni kwa miaka mingi kuanzia 1980. Hata hivyo ugonjwa huo huenezwa zaidi na viroboto wa panya, ilhali wanaopatikana kwa wingi juu ya mbwa wetu ni wale waitwao viroboto wa paka, ambao si waenezaji hodari wa tauni. Tatizo lao la kawaida ni minyoo ya tegu: mbwa, au mtoto mdogo anayecheza naye, akimmeza kiroboto mwenye kiluwiluwi cha mnyoo huyo, huambukizwa, na vipande vyeupe vinavyofanana na punje za mchele huonekana kwenye kinyesi. Hilo hutibika kwa dawa ya minyoo inayofaa, itakayotolewa na daktari. Ukiona panya wanakufa nyumbani au shambani bila kuwekewa sumu, usiwashike kwa mikono, wazuie mbwa na paka wasiwale, na utoe taarifa katika zahanati iliyo karibu siku hiyo hiyo.