Kupiga kambi ng'ambo bila kupanga: yale yanayopaswa kuwa tayari kabla hujaamua

Hapa München, Ujerumani, likizo ya shule huanza mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti na kuendelea hadi katikati ya Septemba, na ndani yake haikosi wiki ambayo mvua hunyesha mfululizo. Kiangazi cha 2024, wiki hiyo ilitukuta mama yangu akiwa ametutembelea kutoka Tanga. Watoto walikuwa wamechoshwa na kukaa ndani, na Jumatatu usiku tukaamua kwamba Jumatano alfajiri tungeondoka kwa gari kwenda kupiga kambi katika kisiwa cha Krk, nchini Kroatia, mwendo wa zaidi ya kilomita 500 kupitia Austria na Slovenia. Hatukuwa tumeweka nafasi mahali popote, na bado safari ile ilikuwa nzuri kuliko nyingine tulizozipanga kwa miezi. Ninaamini kwamba safari ya ghafla hufanikiwa pale ambapo mambo yasiyoweza kurekebishwa njiani yamekwisha kurekebishwa nyumbani, hata kabla wazo la safari halijazaliwa.

La kwanza kati ya hayo, hasa kwetu wenye pasi za Afrika, ni hati. Kroatia iliingia katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa kawaida wa pasi kati yao, tarehe 1 Januari 2023, kwa hiyo mwenye kibali cha ukaazi cha Ujerumani anaweza kwenda huko kwa matembezi bila viza, alimradi asizidishe siku 90 katika kipindi cha siku 180. Wengi hulielewa hilo vibaya wakadhani mipaka imekufa kabisa, ilhali Ujerumani hukagua magari yanayotoka Austria tangu 2015, nayo Slovenia ilirudisha ukaguzi kwenye mpaka wake na Kroatia mnamo Oktoba 2023. Chukua pasi halisi pamoja na kadi halisi ya ukaazi ya kila mmoja, watoto wakiwemo, kwa sababu picha iliyo kwenye simu haihesabiki kuwa hati. Ikiwa kadi yako imekwisha muda na umepewa ile karatasi ya muda iitwayo Fiktionsbescheinigung, fahamu kwamba si kila aina yake inakuruhusu kurudi ukishatoka Ujerumani. Iulize ofisi ya wageni kabla hujafunga mizigo.

Wageni wetu kutoka nyumbani wanahitaji uangalifu zaidi. Mama alikuwa na viza ya kuingia mara moja tu. Tulipofika kwenye maziwa ya Plitvice, ambayo yako bara nchini humohumo Kroatia, rafiki yetu mmoja alitushauri tuvuke hadi Bihać tukautazame mto Una, kwa kuwa ni karibu sana. Ni karibu kweli, lakini Bihać iko Bosnia, na Bosnia haimo katika Schengen. Laiti tungevuka, viza ya mama ingekuwa imekwisha kazi palepale mpakani, naye asingeweza kurudi nasi München kwenye mizigo yake na tiketi yake ya ndege. Kabla ya kukubali ushauri wa aina hiyo, fungua ukurasa wa viza usome idadi ya safari zilizoruhusiwa.

Kuhusu barabara nitasema kwa ufupi. Barabara kuu za Austria zinahitaji stika ya malipo, na mahandaki ya Tauern na Karawanken hulipiwa kando hata kama unayo stika. Slovenia hutumia malipo ya kidijitali yanayofungamana na namba ya gari, kwa hiyo hakiki kila herufi unapoiandika, maana faini ya kutolipa huanzia euro 300. Kroatia unachukua tiketi unapoingia barabara kuu na kulipa unapotoka. Pima upepo wa tairi gari likiwa limekwisha kupakiwa, hakikisha pembetatu ya tahadhari, vizibao vya kuakisi mwanga na sanduku la huduma ya kwanza vipo, kisha epuka Jumamosi kwa gharama yoyote, kwani hiyo ndiyo siku ambayo wapangaji wa nyumba za likizo hubadilishana na foleni za magari hazina mwisho.

Pa kulala hapakutupa shida. Kulala nje ya kambi rasmi ni kosa Kroatia na Slovenia pia, lakini kambi kubwa ambayo haina tena nafasi ya karavani mara nyingi huwa na kona ya hema dogo, mradi ufike kabla ya saa sita mchana wakati wanaoondoka wanafungasha. Tarehe 15 Agosti ni sikukuu katika nchi zote tatu za njiani, kwa hiyo siku zinazoizunguka nisingethubutu kwenda bila kuweka nafasi.

Kilichotushinda kilikuwa ardhi. Krk ni mwamba wa chokaa wenye udongo haba juu yake, na vigingi vya alumini vilivyokuja na hema letu vilipinda kimoja baada ya kingine, vikawa kama ndoana. Mzee mmoja wa hema la jirani alitutazama kwa muda, akaja na nyundo nzito na misumari ya chuma yenye urefu wa kiganja, akaanza kuipigilia upande unaoelekea milimani. Alitueleza kwamba upepo uitwao bura hushuka kutoka huko kuelekea baharini, na unaweza kuja hata anga likiwa safi. Usiku wa pili ulikuja. Hema lilivuma kama tanga, kamba zikalia, lakini msumari hata mmoja haukung'oka. Mama, ambaye alikuwa ametuambia tangu nyumbani, "Mwanangu, mimi chini silali," alilala hadi asubuhi juu ya kitanda chake cha kukunja.

Tangu siku hiyo, misumari ya chuma na nyundo vimo katika sanduku moja ghalani pamoja na taa, jiko la gesi, mitungi miwili inayolingana na jiko hilo, turubai, na viatu vya kuogea vya watoto kwa ajili ya miiba ya mashetani-bahari, wale viumbe wa mviringo wanaokaa kwenye miamba ya baharini. Moto wa kuni hatuuhesabu kabisa, kwa sababu pwani ile hukauka wakati wa kiangazi na kuwasha moto wa wazi ni marufuku. Tukirudi, hema haliingii sandukuni siku ileile hata likionekana kavu: hutandazwa barazani kwa siku mbili, mishono yake ikaguliwe, misumari ihesabiwe, na mtungi uliokwisha ununuliwe mwingine wiki hiyohiyo.